Ncha Mbili za Fimbo ya Mzee Nyanda

Kashaulili, Mpanda
Jumapili, 3 Machi 1996

Ndugu yangu Pontien,

Barua yako ya Mwaka Mpya niliipokea tarehe 19 Januari na nimechelewa kuijibu kwa sababu ya msiba. Baba yangu, Mzee Nyanda, alifariki tarehe 27 Januari kule Usevya, kwa kaka Kija, alikokuwa anaishi na ng'ombe wake. Tulimzika kesho yake. Nakuandikia wewe mapema kuliko wengine kwa kuwa ulimfahamu. Kila tulipofunga shule Tabora ukapitia kwetu, alikuwa anakuuliza kama mmeshaanza kupewa samaki, na wewe ulikuwa unamjibu kwamba bado ni maharage.

Sasa nije kwenye shida yangu. Katika barua yako ulisema kwamba huko klabuni kwenu Mufindi, unakotunza stoo ya vifaa vya kuvulia, wanakuja wazee wa Kizungu wanaokusanya fimbo kuukuu za mwanzi, za kuvulia samaki, na wanazithamini kuliko mpya. Nilipoisoma nilicheka. Baada ya matanga sicheki tena.

Baba alikuwa mtumishi wa injinia mmoja wa mgodi hapa Mpanda, kabla ya Uhuru. Jumapili alimbebea fimbo yake kwenda mtoni. Injinia alipoondoka alimwachia ile fimbo. Sisi tumekua tukiiona juu ya dari ndani ya mfuko wake wa kitambaa, na hatukuruhusiwa kuigusa. Baba mwenyewe hakuvulia nayo hata mara moja. Tulipomaliza matanga, kaka aliutoa ule mfuko akasema baba ameacha maneno: watoto ni watatu na vipande ni vitatu. Kaka akachukua kile kinene chenye kishikio. Dada Minza akapewa chembamba kimoja, nami chembamba kingine.

Kwetu Wasukuma fimbo ya baba si jambo dogo, anayeishika ndiye anayesimama mahali pake. Kwa Kija sina neno, ni mkubwa wetu. Lakini nilipofika nyumbani nilikipima changu, nikaandika kwenye daftari tarehe 11 Februari: urefu sentimita 124.1, rangi ya asali iliyokolea, pande sita, si duara, upande mmoja kuna bomba dogo la shaba la kuunganishia, na juu yake imetobolewa nukta moja, vipete tisa vya waya vya kupitishia mshipi, vimefungwa kwa uzi wa kijani, isipokuwa kipete cha mwisho kabisa ambacho uzi wake ni mweusi.

Nitasema wazi kwa kuwa ni wewe. Mimi ndiye niliyesomeshwa, ng'ombe waliuzwa kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyeondoka. Nimepewa kipande chembamba, na kwa macho yangu ni kifupi hata kuliko kile cha Minza. Sitaki kukiuza. Nataka mtu anayejua thamani ya vitu hivi aniambie kama nimeachiwa fimbo au nimeachiwa mabaki.

Wako,
Malale Nyanda


Mufindi, 24 Machi 1996
[Imepokelewa 12/4. M.N.]

Bwana Daftari,

Pole sana, rafiki yangu. Mzee Nyanda alikuwa mtu wa kunichekesha wakati nilikuwa sina kitu cha kuchekea. Nimemwombea hapa kanisani, nikamwambia Mungu kwamba huyo mzee anajua kuuliza maswali, ajiandae.

Umeniandikia vipimo mpaka nikadhani unaniagiza dirisha. Lakini nimefurahi, maana hicho ulichonacho nakijua kama ninavyojua mkono wangu. Mwanzi unapasuliwa vipande sita vyembamba, vinarandwa, vinagundishwa pamoja, ndiyo sababu una pande sita. Kazi hiyo ilikuwa ya mkono, na wanaoijua leo ni wachache. Hapa nina fimbo kumi na nne za namna hiyo, na kazi yangu ni kuzifuta, kuzitundika na kuwazuia wageni wasizikalie.

Kipande chako peke yake si fimbo, na wala si mabaki. Ni ncha. Chenye kishikio cha kaka yako ni kitako. Mwenye fimbo hununua kitako kimoja na ncha mbili. Ncha ndiyo inayopinda na kuvunjika, kwa hiyo ya pili ni ya akiba. Ndiyo maana kwenu vimefika vitatu.

Sasa niletee vipimo vya vyote, na uangalie juu ya kishikio kama kuna maandishi. Wakusanyaji kwanza wanasoma jina la fundi, halafu ndipo wanakusalimia.

Pontien


Kashaulili, 14 Aprili 1996

Ndugu Pontien,

Asante. Lakini neno lako moja halijanitoka kichwani tangu juzi. Umesema ncha ya pili ni ya akiba. Ipi ni ya pili?

Bahati nzuri vipimo nilikuwa nimeshavichukua wakati wa Pasaka. Jumamosi tarehe 6 nilikwenda Sitalike kwa dada Minza. Yeye ncha yake ameitundika nyuma ya mlango, juu kwenye msumari, na chini inafika msumari wa pili, ule anaotundikia ungo. Nilipima mara tatu: sentimita 131.4. Kwenye shaba yake kuna nukta mbili. Uzi wote ni wa kijani hadi mwisho. Dada alikuwa anapepeta mchele, akanitazama muda wote nikipima. Halafu akasema, "Haya, umepima. Huna la kuuliza?" Nikamwambia namba zote nimezipata. Akaendelea kupepeta.

Kesho yake nilipanda lori la Polycarpe, yule anayesomba mpunga, mpaka Usevya. Kwa tope lile tulifika saa tisa mchana badala ya saa nne. Kaka alikuwa zizini. Alikitoa kitako chake ndani ya khanga ya mama, lakini hakunipa mkononi. Alikishika yeye, mimi nikapitisha futi.

"Umeanza," akasema. "Ulichopewa hukikubali?"

Nikamwambia nakikubali.

"Basi futi ya nini?"

Nikamweleza habari zako na za wazee wanaokusanya. Akasema fimbo ya baba haitafutiwi wazee wengine. Sikubishana naye. Kitako ni sentimita 131.4, sawasawa na ncha ya Minza. Juu ya kishikio kuna maandishi ya wino yaliyofifia, nimeyanakili kwenye karatasi nyingine ya ndani.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Kitako na ncha ya Minza vinalingana, changu kimepungua sentimita 7.3. Nimewaza usiku na mchana. Kama fundi alitengeneza ncha halisi na ya akiba, basi ya akiba ndiyo fupi, na yenye nukta moja ndiyo ya daraja la pili, au kinyume chake? Nijibu hilo tu.

Malale


Mufindi, 5 Mei 1996
[Imepokelewa 17/5. M.N.]

Malale,

Nimekaa chini kabla ya kukuandikia. Yale maandishi uliyonakili nilimsomea kwa simu ya ofisini mzee mmoja wa Kiingereza anayekuja hapa kila mwaka mwezi wa nane. Tunamwita Bwana Haroldi. Ana daftari la fimbo kama wewe ulivyo na daftari la kila kitu, mngeelewana sana. Akaniomba niyasome tena, herufi moja moja. Fundi huyo alitengeneza chache na amekufa zamani. Akasema ikiwa nzima ni bei ya ng'ombe wawili, tena wenye maziwa.

Ila nikueleze anavyothamini, nimemwona mara nyingi. Hafungui hata miwani kwanza. Anachukua ncha mbili anazilaza mezani sambamba, mashina pamoja, anatazama mwisho. Lazima zilingane. Zisipolingana, hata kwa upana wa kidole, anazirudisha kwenye mfuko na kuniomba chai. Fimbo yenye ncha mbili zinazolingana ni ya kwenye daftari. Isiyo hivyo ni ya kuvulia.

Kwa hiyo hizo sentimita saba zinanisumbua kama zinavyokusumbua wewe. Hebu pima tena.

Leo kuna mgeni kaingiza ndoano kwenye sikio lake mwenyewe, naitwa. Mengine nitakuandikia wiki hii hii.

Pontien


Kashaulili, 19 Mei 1996

Dada Minza, shikamoo.

Natumaini wewe na shemeji na watoto hamjambo. Mimi sijambo. Naomba uniazime ile ncha yako kwa mwezi mmoja. Rafiki yangu wa Mufindi anataka vipimo vya uhakika, na futi yangu ya hapa ofisini ni nzuri kuliko ile niliyokuja nayo. Mpe Polycarpe, mwambie asiilaze chini ya magunia. Kaka si lazima ajue, usimsumbue, ana kazi ya mavuno.

Mdogo wako,
Malale


Kashaulili, 2 Juni 1996

Ndugu Pontien,

Nimefanikiwa. Barua uliyoahidi ya wiki ile haijafika, wanasema maji yamekata reli mahali fulani kabla ya Kaliua, lakini maelezo yako ya tarehe 5 yalinitosha.

Nilizilaza ncha zote mbili mezani, mashina pamoja, kama anavyofanya Bwana Haroldi. Nilipima asubuhi, mchana na jioni, nikidhani labda joto linarefusha. Tofauti ni ile ile. Nikawaza: yangu siwezi kuirefusha. Jana tarehe 1 Juni, saa nne asubuhi, nikakitoa kipete cha mwisho cha ncha ya Minza kwa kukipasha moto kidogo, nikakata sentimita 7.3 kwa msumeno wa chuma, taratibu sana, nikasugua kwa msasa, nikarudisha kipete. Nilikifunga kwa uzi mweusi ili kifanane na changu. Sasa ukizitazama huwezi kusema ipi ni ipi, isipokuwa kwa zile nukta. Zote ni sentimita 124.1 kamili.

Sitaficha kwamba nilipoziona ziko sawa nilipata raha ambayo sijaipata tangu msiba. Hakuna tena ya akiba.

Nimeambatanisha kile kipande nilichokata, ili umwonyeshe Bwana Haroldi kwamba kazi imefanywa kwa uangalifu. Kilichobaki ni kumshawishi kaka atoe kitako kabla ya mwezi wa nane. Mama naye anahitaji bati la nyumba, nitaanzia hapo.

Malale


Mufindi, 9 Mei 1996
[Imepokelewa 11/6. M.N.]

Malale,

Yule wa ndoano tumemtoa, sikio lipo. Naendelea nilipoishia.

Nimeisoma tena barua yako ya kwanza na nimeona kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu Machi. Umesema uzi wa kipete cha mwisho kwako ni mweusi, mwingine wote kijani. Fundi wa namna ile habadilishi uzi. Maana yake ncha yako ilivunjika zamani, mtu akatoa kipete akakifunga tena pale ilipobaki. Ilikuwa ndefu kama ya dada yako. Si ya daraja la pili, imevunjika tu. Waulize kwenu ni nani aliyeivunja, wazee wa fimbo wanapenda kujua na mimi pia.

Nilivyoeleza habari ya kulingana naogopa sikueleza vizuri. Zinatakiwa kulingana jinsi fundi alivyoziacha. Ncha nzima ya dada yako ndiyo inayobeba bei yote sasa. Usiifute, usiipake vanishi, usiiguse. Najua mikono yako haitulii ukiona kitu hakijanyooka. Iache msumarini.

Pontien


Mufindi, 21 Juni 1996
[Imepokelewa 2/7. M.N.]

Malale,

Nilifungua bahasha yako kaunta, mbele ya watu. Kikaanguka. Nilikitambua kabla sijasoma neno.

Nimeanza barua hii mara tatu. Umekata ncha ya yule fundi kwa msumeno wa chuma. Ukanitumia kipande. Ukafunga na uzi.

Kosa ni langu pia, nilikuambia lazima zilingane na nikaenda kushughulikia sikio la mtu. Tangu sekondari najua kwamba ukiambiwa mistari ilingane utailinganisha, hata kwa kukata karatasi. Ningekumbuka.

Je, dada yako anajua?

P.


Kashaulili, 7 Julai 1996

Dada Minza, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, nilisema mwezi mmoja. Ncha yako nairudisha kwa mkono wa Polycarpe, nimeifunga kwa magazeti. Vipimo vimekamilika. Ile habari ya Mufindi nadhani haitaendelea, wale wazee wana masharti mengi.

Utaona nimebadilisha uzi kidogo sehemu ya mwisho, ule wa zamani ulikuwa umelegea.

Wasalimie wote.

Malale


Mufindi, 11 Agosti 1996
[Imepokelewa 23/8. M.N.]

Ndugu Malale,

Hujajibu barua yangu ya Juni. Nakuandikia hata hivyo, maana Bwana Haroldi amekuja na amekwenda, na ulitaka kusikia kwa mtu anayejua.

Nilimwonyesha kile kipande. Alivaa miwani, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akahesabu zile pande sita kama vile huenda zimepungua. Nilimweleza yote, hata msumeno. Alitikisa kichwa lakini hakukasirika. Akaniuliza wewe ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ni mtu mwangalifu sana. Akacheka mpaka akatoa leso.

Thamani yake ni hii. Kwenye daftari lake haiingii tena. Hataki kitako peke yake na hata angekitaka nisingemwambia kaka yako. Lakini akasema fimbo bado ni fimbo, ikipoteza sentimita saba inakuwa ngumu kidogo tu, inavua. Na kipande hiki naweza kukiunga tena, nimeshaunga ngumu kuliko hii. Mstari utaonekana. Sijagusa kitu, nangoja neno lako.

Halafu nilimuuliza lile swali lako la nukta, ambalo mimi nilikujibu ovyo. Akasema hakuna ncha halisi na ncha ya akiba. Fundi anazitoa kwenye mwanzi mmoja. Nukta ni za kuhesabu zamu: leo unavua na yenye nukta moja, Jumapili ijayo na yenye mbili, ili zichoke sawasawa. Mbebaji mzuri wa fimbo ndiye anayekumbuka zamu, si mwenye fimbo. Kwa miaka yote ile mbebaji alikuwa mzee wako. Alijua ncha hizo ni sawa kuliko mtu mwingine yeyote aliyebaki duniani.

Kwa hiyo hukuachiwa mabaki. Nasikitika kwamba nimekuambia sasa.

Pontien


Sitalike, 18 Agosti 1996
[Imepokelewa 25/8. M.N.]

Mdogo wangu Malale,

Hatujambo. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa Usevya kwa mama, mavuno yalituzidi, na pia nilikuwa na la kuongea na Kija kwanza.

Ile ncha Polycarpe aliileta. Niliitundika palepale. Ilikuwa inafika msumari wa pili, sasa haifiki. Nikamuuliza mume wangu kama amehamisha misumari, akaniambia mimi sasa nazeeka. Halafu nikaona uzi mweusi. Malale, uzi mweusi naujua. Wa kwanza nilitumwa mimi dukani kuununua.

Wewe hukumbuki, ulikuwa na miaka sita. Ulipanda juu ya kabati ukaitoa ncha kwenye mfuko, ukaenda nayo nyuma ya nyumba kuchokonoa kichuguu, kumbikumbi walikuwa wanatoka. Ikavunjika. Ukaja kwangu unalia na kale kapande mkononi. Baba aliporudi hakuuliza mtu. Alimchapa Kija, maana ndiye aliyeachiwa nyumba. Kija alikuwa na miaka kumi na miwili, alichapwa na hakusema ni nani. Mimi nikaona asiposema yeye, nami sisemi. Baba akakaa kwenye kigoda akafunga kile kipete kwa uzi mweusi, maana wa kijani dukani haukuwepo. Alifunga siku nzima.

Nilikuja kusema mwaka jana, baba alipokuwa anaumwa. Nilichoka kukaa nalo. Nilidhani atahuzunika. Alicheka mpaka akakohoa, tukamshika. Kisha akamwita Kija, akamwambia kitako ni chake, na akaongea naye peke yao, sijui walisema nini. Tulipokuwa wote akasema ndefu nipewe mimi na fupi apewe Malale. Kija akamwambia, "Huyo atalalamika." Baba akasema, "Mpeni. Huyo hupima kila kitu. Akishapima atakuja kuuliza, ndipo mtamwambia."

Basi tumekungoja tangu Februari. Pasaka ulikuja na futi, nikasema moyoni leo ndiyo leo. Nilikuuliza kama huna la kuuliza. Ukasema namba umezipata.

Ncha nilikwenda nayo Usevya, nikampa Kija aione. Aliishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye uzi wako. Akasema, "Sasa zote mbili kavunja yeye." Sijui kama alikasirika. Alikuwa anatazama ng'ombe.

Mama anakusalimia. Bati lake bado linavuja.

Dada yako,
Minza


Kashaulili, Jumapili, 1 Septemba 1996

Kaka Kija, shikamoo.

Naandika polepole na kwa herufi kubwa ili usipate shida ya kusoma, na usimpe mtu mwingine akusomee.

Barua ya dada Minza nimeisoma. Nimetafuta kwenye madaftari yangu yote. La kwanza linaanza tarehe 14 Januari 1974, siku niliyoripoti sekondari. Kabla ya hapo sina kitu. Nilikuwa nadhani ambacho sikuandika hakikutokea, au kama kilitokea si changu. Nimejaribu kukumbuka kichuguu, nakikumbuka. Kumbikumbi nawakumbuka. Fimbo sikumbuki, na kuchapwa kwako sikumbuki, ingawa nilikuwepo.

Ncha ya Minza niliikata mimi, kwa msumeno, nikamdanganya kwamba uzi ulilegea. Kile kipande kiko Mufindi kwa Pontien. Anaweza kukiunga. Nimemwandikia asikiunge kwanza, kwa sababu si changu, aulizwe Minza. Bei ya ng'ombe wawili haipo tena. Hilo nalo ni mimi.

Sielewi alichotaka baba. Siku moja naona alinipa ile fupi ili nijue nilichofanya. Siku nyingine naona alinipa ile aliyokaa nayo siku nzima akiifunga kwa mkono wake. Nimeandika yote mawili, na sijaweza kufuta hata moja. Alisema nitapima kisha nitakuja kuuliza. Nimepima mara kumi na moja, na tarehe zake zote ninazo. Kuuliza ndiko sijauliza.

Jumamosi tarehe 7 nitapanda lori la Polycarpe. Nitapitia Sitalike kumchukua Minza na ncha yake, yangu nitakuwa nayo. Futi naiacha ofisini. Kama utakubali, naomba utoe kitako tuziunge ncha zote mbili juu yake kwa zamu, maana sijawahi kuiona fimbo hii ikiwa imeungwa. Nadhani hata wewe hujaiona.

Swali langu naliandika sasa, ili nikifika nisije nikauliza lingine. Siku ile ulipochapwa, kwa nini hukusema ni mimi?

Mdogo wako,
Malale